Mwenyewe Hakuonja

Nani kawaambia kwamba mizabibu ya zamani ilikufa kwa ugonjwa? Namtaka huyo mtu. Juzi nimekwenda kule monasterini kwa miguu yangu, nikavalishwa kamba shingoni yenye kadi iliyoandikwa MGENI, nikasimama nyuma ya watalii nikasikiliza. Kijana Fausti, ndiye anayetembeza watu, akanyosha mkono kwenye ule mteremko akasema, "Hapa zamani watawa walikuwa na mizabibu, ikaingiwa na ugonjwa, ikafa yote. Sasa sisi tumeifufua." Watu wakatikisa vichwa, wakapiga picha. Mimi nikauma meno, kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kukomunika na sikutaka kutukana.

Basi nawaandikia nyinyi vijana wote mnaofanya kazi kwenye hicho kiwanda cha divai. Mkiona maneno yangu ni makali, mvumilie. Hasira hii nimekaa nayo tangu wazazi wenu hawajazaliwa, haiwezi kutoka imepoa.

Na hilo neno "tumeifufua" nalo tuliweke sawa. Kufufua tulianza sisi. Wabenediktini wa kwanza walitoka Ujerumani wakapanda zabibu pale juu kwa ajili ya divai ya misa, wakajenga nyumba ya mawe ya kukamulia, ile ile mnayoiuzia kadi za picha. Ikaja vita ya Wazungu, watawa wakachukuliwa, mbuzi wakaingia shambani. Bruda Anselmi aliporudi kuanza upya, bendera yetu ya Uhuru ilikuwa bado haijapauka. Mimi nilikuwa mwanamke mbichi, nimeolewa juzi, natafuta kazi. Tulikuta mizabibu michache imepanda juu ya miti ya uzio, imekuwa mwitu. Kwa vijiti vya hiyo michache tulijaza mteremko mzima. Kila mche pale ulipita mikononi mwa mwanamke wa vijiji hivi, wengi wao sasa wapo makaburini.

Bruda Anselmi ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mrefu, mkimya, mkaidi kupita kiasi, na alikuwa na kasoro moja ya ulimi: herufi je ilimshinda. Jembe kwake lilikuwa yembe. Kesho alikuwa anakuya mapema. Mimi jina langu Jenerosa, lakini kwa miaka yote ile niliitwa Yenerosa, mpaka mama mkwe wangu naye akaanza kuniita hivyo kwa kunitania. Msimu wa kukamua Bruda alichota divai mpya kwa kikombe cha bati, akakiweka mbele yangu na kusema, "Onya, Yenerosa." Nami namjibu, "Nimeonyeka, Bruda." Wanawake wanacheka mpaka wanakaa chini. Tulimsahihisha hadi tukachoka. Anasema vizuri mara moja, "onja," halafu akigeuka tu, onya.

Sasa nisikilizeni kuhusu kukata, maana nimeiona mizabibu yenu na mnaiacha na macho mengi mno, yale machipukizi ya tawi. Mzabibu hukatwa wakati wa baridi kali, majani yakishaanguka na mti umelala. Unaacha macho mawili kwenye kila tawi, ukiwa na tamaa sana unaacha matatu, na mkato unalalia upande ambao jicho halipo, ili maji yakidondoka yasianguke juu ya jicho. Maana mti utadondosha maji tu, hata ukate vizuri namna gani. Ukiacha macho mengi, utapata majani ya kupendeza watalii na zabibu za kulisha ndege.

Msidhani sisi tulizaliwa tunajua. Alikuwepo Mwanaisha, alikuja kwetu kutoka kwenye chai ya Mponde, mchumaji hodari ajabu. Siku yake ya kwanza akapewa mstari wa kupalilia. Tuliporudi tukakuta amechuma ncha zote za mizabibu kwa mikono miwili, majani mawili na chipukizi, kama walivyomzoesha huko, na kikapu kimejaa. Anatuangalia anangoja sifa. Bruda alikaa juu ya jiwe, akavua kofia. Lakini Mwanaisha huyo huyo, mwaka uliofuata, hakukuwa na mtu wa kumfikia kwa kisu cha kukatia. Alikuwa Mwislamu safi, tone la divai halikupita kinywani mwake hata siku moja, na akipita nyumba ya mapipa anashika pua. Nilipofanywa msimamizi wa shamba, yeye ndiye alikuwa mkono wangu wa kulia.

Mapipa nayo ni kazi ya mtu mwenye pua. Leo mna matangi ya chuma, mnafungulia bomba la maji ya moto, mmemaliza. Sisi tuliwasha kipande cha kiberiti, ile salfa ya manjano, ndani ya pipa tupu, tukaziba, na kabla ya kutia divai unaingiza pua kwenye tundu. Ukisikia harufu ya siki hata kidogo, pipa hilo halirudi, linakatwa la kuhifadhia maji ya nguruwe. Nzi wadogo wale wa ndizi mbivu usiwaache waingie mlangoni. Hata leo nimewaona kwenye dirisha lenu la nyuma, Fausti, na usinibishie.

Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Nataka mjue mizabibu ile iliendaje.

Ili mnielewe, lazima kwanza mjue jambo ambalo sisi Wasambaa hatufundishwi, tunakua nalo tu. Baba yangu alikuwa mpishi wa boha, pombe ya miwa. Mgeni akija, mwenye nyumba anajaza kibuyu, anaonja yeye kwanza mbele ya macho ya mgeni, anafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, ndipo anampa kwa mikono miwili. Usipoonja, umesema moja kati ya mawili: ama humo ndani mna kitu, ama huyo mgeni humhesabu kuwa mtu. Watu wamekosana ukoo mzima kwa ajili hiyo. Na Bruda Anselmi alijua. Amealikwa kwenye arusi ngapi za vijiji hivi, amepewa kibuyu akakipokea vizuri tu. Asije mtu akaniambia Mzungu yule hakujua.

Ikaja miaka ya Ujamaa. Kijiji chetu kikatakiwa kuwa na shamba la pamoja la mahindi, na huku milimani, nyinyi mnajua, ardhi tupu haipo, kila kipande kina mtu. Macho yakaenda kwenye mteremko wa zabibu. Tukaambiwa atakuja mkubwa mmoja kutoka wilayani atazame kwa macho yake. Akiridhika kwamba kazi ile ina faida kwa wananchi, mizabibu itaachwa. Asiporidhika, mteremko unasafishwa kabla ya masika, yanapandwa mahindi. Jina la mkubwa huyo nalihifadhi, wajukuu zake ni watu wazuri. Alikuwa kijana wa milima hii hii, Mlutheri, kasoma, amerudi.

Ziara ikaangukia katikati ya Kwaresima.

Asubuhi ile nilimfuata Bruda kwenye nyumba ya mapipa. Tulikuwa tumemaliza kuvuna, divai mpya inachemka kwenye mapipa, ya mwaka uliopita imo kwenye chupa. Nikamwambia, "Bruda, leo utaonja kwanza, halafu umpe."

"Yenerosa, ni Kwaresima. Nimemwahidi Mungu, divai hapana mpaka Pasaka."

"Ulowanishe mdomo tu. Nani atajua?"

"Mimi nitayua."

"Bruda, yule ni mtu wa huku. Usipoonja utakuwa umemtukana."

Akaniwekea mkono begani, akacheka kwa upole, maana alipenda kucheka kwa upole wakati mwenzake anaungua. Akasema kanuni ya nyumba yao ni kwamba kila mgeni anapokewa kama Kristo mwenyewe. "Na Kristo ataelewa kwamba nafunga."

Kristo labda. Yule aliyekuja hakuwa Kristo, alikuwa mtu wa wilayani.

Nitasema haki yake: alikuja vizuri. Alipanda mteremko bila kusaidiwa, akashika majani, akauliza maswali ya mtu anayetaka kujua. Aliuliza wanawake wangapi wanalisha watoto kwa kazi hii. Akainama akatazama matuta tuliyoyajenga, akasema mbona yamekaa imara. Halafu akasimama katikati ya mistari, sisi tumemzunguka, akatoa hotuba. "Ndugu zangu," akasema, "mali ya nchi hii ina wenyewe. Na wenyewe si mabwana wakubwa. Wenyewe ni nyinyi mnaoshika jembe." Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha, maana tangu nizaliwe hakuna mkubwa aliyewahi kuniita mwenye mali. Mwanaisha akaninong'oneza, "Dada, tumepona." Hata mimi niliona tumepona.

Tukashuka hadi kwenye mlango wa nyumba ya mapipa. Palikuwa na meza, kitambaa cheupe, chupa na glasi. Bruda akamimina, akaiweka glasi mbele ya mgeni, akarudi nyuma hatua moja na mikono yake ndani ya aproni.

Mgeni hakuigusa. Alingoja. Wenzake wakangoja. Sisi tulio wa huku wote tulijua anangoja nini.

"Karibu, karibu," akasema Bruda.

Mgeni akatabasamu. "Mwenyewe kwanza."

"Samahani sana," akasema Bruda. "Mimi mpaka Pasaka siwezi kuonya."

"Huwezi nini?"

"Kuonya. Siwezi. Onya wewe."

Mmoja wa wale waliofuatana na mkubwa akaziba mdomo kwa kofia ili asicheke. Huo ndio ulikuwa mwisho wetu, nawaambia. Mtu mkubwa anaweza kusamehe mengi, lakini si kuchekwa mbele ya watu wake. Nikaona uso unafungika.

"Anasema nionye," akasema taratibu. "Kuna la kuonya hapa?"

Nikaruka katikati. "Ndugu, ana maana kuonja. Herufi je inamshinda, tangu zamani. Na amefunga, ni Kwaresima kwa Wakatoliki."

"Yeye amefunga, lakini mimi ninywe."

"Basi nitaonja mimi." Nikanyosha mkono kuchukua glasi.

Akaweka kiganja chake juu yake. "Mama, sikukuita wewe. Nimesema mwenyewe."

Jamani, hapo ndipo mori uliponipanda. Nikamwambia, "Si umesema sasa hivi pale juu kwamba wenyewe ni sisi? Mizabibu ile nimeikata mimi. Mapipa haya nimeyanusa mimi. Mwenyewe ndiye huyu."

Aliniangalia usoni. Nadhani alinisikia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kisha akasema, "Mama, kaa chini."

Kiti chenyewe hakikuwepo. Nikabaki nimesimama. Wao wakaaga kwa adabu, wakashuka kwenye gari lao, na glasi ikabaki mezani imejaa. Bruda aliichukua akaimwaga kwenye udongo, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha kabatini mahali pake.

Najua mtakaloniambia. Mtasema, Bibi, shamba lingechukuliwa tu, ndivyo mambo yalivyokuwa. Huenda. Sikuwa ndani ya kichwa chake. Lakini nilimwona akiwa juu pale kwenye mistari, nikamwona akiwa mezani, na hao walikuwa watu wawili. Amri ilifika kabla ya wiki kwisha, na ililetwa kwa mdomo: mteremko usafishwe.

Tukaambiwa kazi ya kung'oa ni ya wananchi wote, na sisi wakataji tukiwa mbele kwa sababu tunaijua mizizi inakokwenda. Mwanaisha alisikiliza, akaweka kisu chake cha kukatia juu ya ukuta, akajifunga khanga, akarudi zake Mponde kwenye chai. Hakuaga mtu. Mimi nilikuwa na watoto wanasoma, nikashika jembe. Mzabibu uliokaa sawasawa haung'oki kirahisi. Tulichimba, tukakata mizizi kwa shoka, na ile iliyokatwa ilidondosha maji kwenye miguu yetu. Wengine walikuwa wanaimba ili kazi iende. Sikuimba.

Jioni nilibeba mzigo wa vijiti hadi nyumbani. Nikavizika kwenye mchanga wenye unyevu chini ya migomba. Nilijua haviwezi kushika, kijiti cha kupanda hukatwa mti ukiwa umelala, na vile vilikuwa na majani na utomvu tele. Nilivimwagilia hivyo hivyo. Vilioza vyote, kimoja baada ya kingine, na kila asubuhi nilivuta kimoja kutazama. Mume wangu akasema, "Mama watoto, viache vife." Nikaendelea kuvimwagilia.

Na mahindi? Ukungu wa pale juu mnaujua. Yalitoka magunzi matupu, na yaliyopata punje yaliliwa na nyani. Matuta yalikuwa yamebomolewa ili mistari iwe mirefu, kwa hiyo masika ya pili udongo ukashuka wote kijitoni. Ule ndio ugonjwa, Fausti. Kama watalii wanataka jina lake, waambie waje kwangu.

Bruda sikumsalimu Kwaresima yote iliyobaki. Tunapishana kwenye uwanja wa kanisa, yeye anasema "Yenerosa," mimi naangalia mlima. Siku ya Pasaka baada ya misa akanifuata hadi kwenye ule mteremko, udongo umekaa wazi, mahindi ndiyo yanachipua. Ameshika kikombe chake cha bati. Akasimama mbele yangu, akanywa kidogo, akafuta ukingo kwa kiganja vizuri kabisa, kama baba yangu alivyokuwa akifanya, akaninyoshea kwa mikono miwili. "Sasa naonya," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Sikukipokea. Nilimwambia, "Umechelewa, Bruda," nikashuka zangu. Wenzangu wamenisema kwa hilo hadi leo, kwamba nilikuwa na roho ngumu kwa mtu wa Mungu. Waseme. Mungu wake angemngoja mpaka Pasaka, lakini mizabibu haikuweza kungoja. Amelala kwenye makaburi ya watawa, napeleka maua kila Novemba, na kila nikifika pale nagombana naye tena.

Nikahamishiwa kwenye jamu. Plamsi, mapeasi, mapichesi, miaka yote iliyobaki nilikoroga masufuria mpaka nikastaafu. Jamu ni kazi ya heshima, lakini jamu hainukii kitu usiku wa kuamkia mavuno.

Haya, turudi juzi. Mmetuingiza kwenye ile nyumba ya mawe, ndiyo nyumba yetu ya mapipa. Matangi yanang'aa, sakafu safi, nimefurahi, sitakuwa mnafiki. Fausti akaonyesha pakiti za hamira kutoka ng'ambo na miche iliyotoka Dodoma. Halafu tukafika mlangoni, pale pale, na palikuwa na meza na kitambaa cheupe. Miguu yangu ikagoma. Mtalii mmoja akanishika kiwiko akidhani ni uzee.

Fausti akamimina glasi ya kwanza, akaniletea mimi, kwa heshima tupu. "Shikamoo tena, Bibi. Wewe ndiye mgeni wetu mkubwa leo. Karibu uonje."

"Marahaba. Mwenyewe kwanza."

Akacheka, hakuelewa. "Mwenyewe nani, Bibi?"

"Mizabibu mwaka huu alikata nani?"

"Sisi hapa. Mimi na wenzangu."

"Matangi aliosha nani?"

"Sisi."

"Basi onja."

Akatazama wageni, akatazama glasi, akaona haya. "Bibi, mimi ni mwajiriwa tu hapa."

Nilitaka kumzaba kibao, kijana wa watu. Si kwa chuki. Ni kwamba neno lile, kwamba sisi si wenyewe, lilikuwa limenikaa kooni kwa umri wake wote na wa baba yake, na sasa analitoa yeye mwenyewe, kwa hiari yake, bila hata mtu kumwambia akae chini.

"Hata mimi nilikuwa mwajiriwa," nikamwambia. Nikavua ile kadi ya MGENI, nikaiweka mezani. Nikachukua glasi mkononi mwake, nikanywa funda moja mbele ya watu wote, nikafuta ukingo kwa kiganja. Hakuna aliyesogea. Wale wageni walisimama na mikono yao chini, wakiningoja mimi nimeze.

"Imezidi sukari, Fausti," nikasema. "Wape."